Diski Saba za Mzee Sifueli

Mtu mmoja alikuwa na watoto wawili na diski saba. Watoto aliwapenda sawasawa, na zile diski alizipenda karibu kama watoto. Msimcheke kabla hamjajua zilikuwa na nini ndani.

Aliitwa Sifueli. Alikuwa karani wa chama cha ushirika katika kijiji kimoja huko juu milimani Upare, kwenye mashamba ya tangawizi, mahali ambapo gari likifika watu hutoka nje kuliangalia. Ushirika ulipoletewa kompyuta, yeye ndiye aliyetumwa mjini kujifunza kuitumia. Alipostaafu wakampa ile mashine iwe yake, maana hakubaki mwingine aliyejua hata kuiwasha. Mtu mwingine angeiuza wiki hiyohiyo. Sifueli aliiweka mezani, akaifunika kitambaa, akaanza kazi ambayo hakutumwa na mtu yeyote.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana asiyeelewa hapa hataelewa mbele. Kwenu sijui mnafanyaje, lakini kwao kijana na binti hawafungi ndoa mpaka wazee wakae chini wafuate uzao wa kila mmoja, baba wa babu, bibi wa bibi, mpaka waridhike kwamba damu haikukutana. Ikikutana, hakuna harusi, hata kama sare zimeshashonwa. Aliyelelewa tu katika nyumba hazuiwi, anayezuiwa ni aliyezaliwa. Sasa Sifueli aliona wazee wanaojua mambo hayo wanakwisha mmoja mmoja, na kila mmoja anazikwa na majina yake. Akachukua daftari. Kwa miaka tisa alipanda na kushuka ile miteremko akiuliza nyumba kwa nyumba: huyu kazaliwa na nani, yule kalelewa na nani, mtoto wa mwaka wa njaa aliletwa kutoka wapi. Akirudi nyumbani anayaandika kwenye kompyuta, na akishaandika anayahifadhi kwenye diski, maana mashine yenyewe haikuwa na nafasi ya kuyaweka, zile diski za zamani, za mraba, nyembamba kama biskuti, zinazotumbukizwa kwenye tundu la mashine. Daftari zilipoliwa na mchwa hakuhuzunika sana. Alisema yaliyomo yameshahamia mahali pengine.

Alipoona siku zake zimekaribia, akawaita wanawe wawili mbele ya wazee wa ukoo. Mbonea alikuwa mkubwa, akikaa hapohapo kwenye boma la baba. Namsifu, dada yake, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Diski saba Sifueli akampa Mbonea. Mashine ya kuzisomea akampa Namsifu. Wazee wakaguna. Mmoja, Mzee Kajiru, ambaye mtamwona tena, akamwuliza kwa nini anatenganisha mchi na kinu.

"Ili wakutane," Sifueli akasema.

Akawaagiza kwamba kila mwaka, tangawizi ikishavunwa, wakae pamoja, wafungue, wasome, na wakisikia kimetoka chombo kipya cha kuhifadhia, wahamishie huko kabla hiki cha sasa hakijachoka. Wakaitikia wote wawili, wakilia. Baada ya siku kumi na moja akafa.

Na hawakukutana hata mara moja. Mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu ya kidari cha mbuzi. Kwa desturi yao, mbuzi anayechinjwa siku ya kuanua matanga kidari chake ni cha binti aliyeolewa. Anakibeba anakipeleka kwake, na huko wanajua kwamba kwao bado anahesabika. Siku ile alikuja mgeni, ofisa kutoka mjini mwenye tai, na Mbonea kwa kutaka kupendeza machoni pa watu akampa yule mgeni kidari. Mgeni mwenyewe hakujua alichopewa, akala na kunywa soda juu yake. Namsifu aliyaona yote. Alfajiri aliwaita watu wawili wakambebea mashine yake, akaondoka bila kuaga. Mbonea naye akasema, kama hawezi kuniaga mimi mkubwa wake, basi na akae hukohuko. Yakawa ndiyo hayo, miaka kumi na minne. Mimi mambo ya namna hii yananichefua, kwa sababu nimeyaona kwenye nyumba nyingi mno, na kwangu pia yamepita.

Lakini msidhani walikuwa watu wabaya. Ningependa wawe wabaya, mfano ungekuwa rahisi kuusimulia. Mbonea alizitunza diski za baba yake kwa moyo wote. Alizipanga kwenye mkebe wa bati, akautafutia mahali pa heshima kuliko pote, na kwa mkulima wa kule mahali hapo panajulikana: darini, juu ya jiko la kuni, ambako mahindi ya mbegu hukaa kwenye moshi yasiguswe na dumuzi. Alisema kinachohifadhi mbegu za mwakani kitashindwaje kuhifadhi kazi ya baba? Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, aliuteremsha ule mkebe, akaufuta masizi, akauweka mezani. Mchungaji aliombea. Wajukuu walipita mmoja mmoja wakigusa kifuniko. Kisha ukarudishwa darini. Hakuna aliyeufungua, na angeufungua nani, wakati mashine iko ng'ambo kwa mtu asiyetajwa?

Na Namsifu huko ng'ambo aliitunza mashine yake vivyo hivyo. Aliiweka chumbani kwake, akaishonea foronya yake maalumu. Mara moja kwa mwezi aliifunua, akaiwasha, akangoja mpaka kioo kiwe cheupe, akakaa mbele yake na mikono mapajani. Baba yake alimwambia mashine isipowashwa inakufa, naye hakutaka ife. Akishamaliza kuitazama anaizima. Kwa miaka kumi na minne mwanamke yule aliwasha mashine isiyokuwa na kitu cha kusoma, na kaka yake aliuombea mkebe usioweza kusomeka. Mngewauliza mnafanya nini, kila mmoja angewaambia natunza urithi wa baba. Na asingekuwa anadanganya.

Huku chini dunia haikuwangoja. Zilikuja sidii, watu wakaacha diski. Zikaja flashi, watu wakaacha sidii. Kompyuta mpya zikaanza kutengenezwa bila lile tundu, na hapakutolewa tangazo kanisani kwamba kuanzia mwezi ujao vitu vyenu vya zamani havitafunguka. Mambo haya huenda kimya. Mtu anashtukia siku anapokihitaji kitu.

Siku hiyo ilimfikia Mbonea kupitia binti yake. Aliitwa Nakiete, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miaka ishirini na minne, na alimpenda kijana mmoja fundi seremala aliyeitwa Togolani. Nyumba zote mbili zilifurahi. Ndoa ikatangazwa kanisani Jumapili ya kwanza. Jumatatu yake Mzee Kajiru, ambaye sasa alikuwa amezeeka sana, akaja na mkongojo wake akasema kuna jambo linamkosesha raha. Bibi mzaa babu wa Togolani, aliyeitwa Namkunda, alikulia katika nyumba ya ukoo wa Mbonea. Je, alizaliwa humo au aliletwa? Yeye Kajiru alimsikia mama yake akisema alizaliwa. Mzee mwingine akasema hapana, aliletwa. Wakabishana mpaka mate yakawakauka. Hapakuwa na wa tatu, maana wote waliokuwa na umri wa kujua walikuwa wamezikwa.

"Mimi siwazuii," Kajiru akamwambia Mbonea. "Ila na mimi sitakufa nimenyamazia jambo. Baba yako alimwuliza wifi wa Namkunda, mimi nikiwa nimekaa palepale, ila uzee umenifutia jibu. Aliandika. Fungua tuone."

Mchungaji akasimamisha tangazo la pili, akawapa mpaka Jumapili ya nne. Hapo sasa mambo yalikuwa mawili tu: ama diski zifunguke, ama Nakiete amwache mtu anayempenda kwa sababu ya jina ambalo hakuna aliye hai wa kulisemea.

Mbonea hakuwa na wasiwasi, mwanzoni. Alishuka mjini na mkebe wake kwapani kama mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake. Duka la kwanza la kompyuta wakamwambia mzee hii hata mlango wake haupo siku hizi. Duka la pili wakaigeuzageuza diski, wakaitana kuitazama, mmoja akaipiga picha. La tatu lilikuwa la fundi mmoja, mama wa makamo, mpole, akamkaribisha kiti. Alichukua diski moja, akaifuta kwa kitambaa, akanusa moshi. Akamwuliza kwa upole:

"Baba, mashine aliyoandikia iko wapi?"

Mbonea akasema ipo. Fundi akauliza ipo kwa nani. Mbonea akaanza kurudisha diski mkebeni. Alikuwa amepita maduka matatu na kuvuka wilaya nzima, na jibu alikuwa nalo tangu alipotoka nyumbani. Nadhani mnamfahamu mtu huyo. Nadhani wengine wenu mmekuja naye hapa leo, amevaa viatu vyenu.

Aliporudi nyumbani akamkuta binti yake amekaa uani, hajala. Nakiete akamwambia, "Baba, kila mwaka tunaliombea hilo kopo. Mimi nimeligusa tangu nikiwa mtoto. Sasa naomba ulifungue." Hakupandisha sauti. Mbonea aliniambia mwenyewe, miaka baadaye, kwamba angemfokea ingekuwa nafuu.

Kesho yake akachinja mbuzi. Akatoa kidari, akakifunga kwenye majani ya mgomba, akachukua mkebe, akamwambia binti yake avae viatu vya kutembelea. Wakavuka mlima. Na njia nzima, kama alivyonisimulia, hakuwa akifikiria diski. Alikuwa akifikiria salamu. Kwa maana yeye ni mkubwa, na mdogo ndiye anayeamkia. Akifika mlangoni na Namsifu asimpe shikamoo, atasimama pale mpaka lini? Atageuka arudi? Wengine mnaona ni jambo dogo, lakini nyumba nyingi zimevunjika mlangoni, watu wawili wakingojana nani aanze.

Walimkuta Namsifu akimenya tangawizi kibarazani. Akainua macho, akamwona kaka yake, mvi tupu. Akashusha macho, akaendelea kumenya. Hakuamkia. Mbonea akasimama. Nakiete akaanza kulia kimyakimya kwa aibu.

Ndipo Mbonea, mkubwa wa nyumba ile, akapiga magoti kwenye maganda ya tangawizi, akaweka lile furushi la majani miguuni pa mdogo wake, akasema, "Nilikunyang'anya kilicho chako nikampa mgeni. Nisamehe, dada."

Namsifu akafungua majani, akaona ni nini. Kisu kikamtoka mkononi. Alilia, na si kwa ajili ya nyama. Alipotulia akasema, "Shikamoo, kaka," naye akajibu marahaba. Miaka kumi na minne ikaishia hapo, na haikuchukua muda mrefu kuliko kumenya vipande vitatu vya tangawizi.

Akawaingiza ndani, akaivua mashine foronya, akaiwasha. Ikawaka, maana hakuiacha ife. Mbonea akafungua mkebe, na humo namo mlikuwa na diski saba, maana hakuzipoteza. Kila mmoja alishangaa kuona mwenzake alikuwa amebakia mwaminifu.

Diski ya kwanza ikasomeka. Ya pili ikasomeka. Majina yakapanda kwenye kioo, kwa herufi zilezile alizozichagua baba yao, na Namsifu akayasoma kwa sauti huku shemeji zake na majirani wakijaa chumbani. Ya tatu na ya nne zikasomeka. Ya tano mashine iliikoromea sana, ikaifungua nusu. Ya sita waliitumbukiza mara nne, mara zote ikakataa. Mara ya tano ikafunguka, na humo mlikuwa na nyumba wanayoitafuta.

Sifueli aliandika kikarani, bila madoido. Namsifu akasoma: Namkunda, aliletwa mwaka wa njaa akiwa na miaka kama minne, mgongoni mwa mjomba wake kutoka tambarare, akaachwa hapa kwa vibaba viwili vya mahindi. Hakuzaliwa hapa. Amenieleza wifi yake, mwenye akili timamu, Kajiru akiwapo. Kisha, mstari wa chini yake: wifi ameniomba niandike hivi pia, kwamba siku moja wajukuu wa Namkunda wakitaka kuoa katika nyumba hii, wasizuiwe, maana alikuwa mgeni kwetu na tulimpenda.

Nakiete alikaa sakafuni akafunika uso kwa kanga ya shangazi yake. Bibi kikongwe, aliyekufa yeye akiwa bado mtoto, alikuwa amemwombea ruhusa ya kuolewa, na ruhusa hiyo ilikaa darini juu ya moshi miaka kumi na minne ikimngoja.

Walitumbukiza ya saba mwisho. Hiyo ndiyo iliyokuwa chini kabisa ya mkebe, karibu na moto wa jiko. Ilikuwa imepinda. Walijaribu siku mbili, wakampelekea hata yule fundi wa mjini, akasema hii, baba, imeshaiva. Ilikuwa na upande wa mama yao, watu wa bondeni, nyumba kumi na tisa kwa hesabu ya Sifueli. Mbonea aliishika mkononi. Akasema aliipandisha juu kwa kuwa aliipenda. Namsifu hakumlaumu, lakini pia hakumwambia haidhuru. Akasema lile neno ambalo tangu siku hiyo sijaacha kulihubiri:

"Baba alituachia kazi, kaka, nasi tukaifanya kumbukumbu."

Na kazi wakaianza siku hiyohiyo. Nakiete alipiga picha kila ukurasa kwa simu. Kisha akaketi na Togolani wiki nzima, wakayaandika yote upya kwenye kompyuta ya shule, wakayaweka kwenye flashi tatu, wakachapisha nakala za karatasi, moja kwa kila nyumba iliyotajwa. Mbonea alitaka flashi moja ifungwe vizuri ipelekwe mahali pa heshima. Mpeni haki yake, tabia haifi kwa siku moja. Mdogo wake akamnyang'anya akamwekea mfukoni, akamwambia hii utaileta kwangu mwakani baada ya mavuno, tuifungue, tuone kama bado inapumua, na kama wameshatengeneza kitu kingine tuhamie huko. Na walifanya hivyo. Mwaka huu ni wa saba. Wameshahama mara mbili, na hawajapoteza jina hata moja tangu siku ile.

Nakiete aliolewa Jumapili ya tano, kwa kuwa ya nne ilinyesha mvua barabara ikakatika. Mzee Kajiru alicheza ngoma kwa mguu mmoja na mkongojo. Nilikuwapo, mimi ndiye niliyefungisha ile ndoa, na ndimi niliyekuwa nikiuombea ule mkebe kila mwaka bila kuuliza una nini. Kwa hiyo msidhani nawahubiria nikiwa nimesimama juu yenu.

Mwezi mmoja baada ya harusi alikuja mama mmoja wa bondeni na kijana wake. Naye ana mchumba, naye ameambiwa na wazee athibitishe. Akaomba asomewe. Mbonea na Namsifu wakatazamana, maana nyumba yake ilikuwa kwenye ile ya saba. Hawakumfukuza na hawakumdanganya. Walimweleza kilichotokea, pamoja na kidari na yote, kisha wakachukua daftari, wakashuka naye bondeni nyumba kwa nyumba kama alivyofanya baba yao, wakitafuta mtu yeyote anayekumbuka. Wamekwisha kupata nyumba kumi na moja. Ya yule mama bado, na kijana wake angali anangoja, mwaka wa saba sasa.

Sitawafafanulia diski ni nini wala mashine ni nini, ninyi ni watu wazima na kila mmoja anajua alichoachiwa. Nawauliza jambo moja tu, na mtu asinijibu mimi: yule ndugu usiyesalimiana naye, ameshika nini ambacho bila hicho cha kwako hakifunguki?